Kabla ya kupima keratini, uliza kipande kimetoka wapi

Nilipoanza kupima jeni za keratini, protini zinazozipa seli za utando uimara wake, nililinganisha madoa meupe ya ndani ya shavu na vipande vya ufizi wenye afya. Ufizi ulikuwa rahisi kupata, maana hubaki meno yanapong'olewa. Jibu likaja limenyooka: K10, mojawapo ya keratini hizo, tele kwenye ufizi, kidogo mno kwenye madoa. Nikaandika kwamba ugonjwa unaizima. Msimamizi wangu akasoma ukurasa mmoja, akauliza: "Shavu lenye afya lina K10 kiasi gani?" Sikuwa nimelipima.

Nikapima. K10 karibu haimo. Lililoniuma zaidi ni kwamba K13, keratini hasa ya shavu, ilikuwa imepotea kweli kwenye madoa yenye displasia, yaani seli zilizoanza kuharibika kuelekea saratani, nami sikuliona hilo, kwa kuwa ufizi nao hauna nyingi. Ulinganisho mbovu ulinipa ugunduzi wa uongo na kunificha wa kweli.

Basi wewe unayeanza, ijue ramani ya kinywa kabla ya kushika pipeti. Keratini huenda jozi jozi: moja ya aina ya I, ambayo jeni yake karibu daima iko kwenye kromosomu ya 17, na mwenzake wa aina ya II, kwenye kromosomu ya 12. Tabaka la chini kabisa lina K5 na K14 popote utakapokata. Tofauti huanza seli zikipanda. Kwenye kaakaa gumu na ufizi, panapokwaruzwa na chakula, huwaka K1 na K10. Kwenye shavu na sakafu ya kinywa, panaponyumbulika, ni K4 na K13. Mwaka 1995 ilionekana kwamba hitilafu katika KRT4 au KRT13, yaani jeni za K4 na K13, huleta ugonjwa wa kurithi ambao utando wa shavu huwa mweupe, mnene, laini kama sifongo.

K6, K16 na K17 huongezeka seli zinapozaliana haraka, iwe ni kidonda kinachopona au saratani. Ila ufizi wenye afya pia una K6 na K16, kwa hiyo usipige mbiu mapema.

Kuna slaidi mbili za doa lenye displasia ambazo humwonyesha kila mgeni, zimekatwa zikifuatana: moja imetiwa kingamwili inayoipa K13 rangi, nyingine ya K17. Rangi ya kahawia ya K13 inakuja vizuri kwenye utando mzima, kisha inakatika ghafla kama imepitiwa na wembe. Pale pale ilipokatika, kwenye slaidi ya pili, K17 inaanza. Zisome pamoja, kwa sababu hata uvimbe wa kawaida usio wa saratani huweza kuipunguza K13.

Kwenye PCR, njia ya kunakili jeni mara nyingi ili ipimike, KRT14, KRT16 na KRT17 zina jeni bandia, nakala zisizofanya kazi, zinazofanana nazo mno. DNA ikibaki ndani ya RNA yako, utapima kivuli. Isafishe, na kila mara weka mrija mmoja usio na kimeng'enya cha kunakili RNA kuwa DNA; ukitoa jibu, ujue ni DNA iliyobaki. Kipande kikijaa seli nyeupe za damu, keratini zote zitaonekana zimeshuka kwa mpigo, ndiyo maana mimi hutazama KRT5, jeni ya K5, kwanza, inionyeshe utando wenyewe ni kiasi gani.

Na mahali kipande kilipotoka, andika kwenye kichupa chenyewe palepale kinapokatwa, kabla hakijaingia kwenye barafu. Kichupa kikishatoa jasho, wino haushiki.