Mwanao hataki riwaya? Anza na maiti

Juzi dada mmoja wa Kasulu kaniandikia: mwanawe yuko kidato cha pili, riwaya hataki hata kuiona, mimi kwa mpwa wangu nilifanyaje? Nimefurahi kuulizwa, maana nilipoanza nilichekwa. Jamaa yangu wa karibu kabisa alisema mbele za watu kwamba nalea mtoto kwa hadithi za marehemu. Sijasahau.

Wengi wetu, kwa heshima, tunaanza na Kusadikika ya Shaaban Robert. Kitabu chembamba, kitamu, lakini Karama anajitetea mahakamani siku sita, na mtoto aliyezoea simu anajiona yuko darasani. Hicho kisubiri. Mimi nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Bwana Ali kauawa, Bwana Msa na kiko chake anachunguza. Nani atakataa?

Wala sikumpa mkononi. Nilimsomea. Umeme ukikatika hapa Ujiji, nawasha tochi ya simu, nasoma, na Bwana Msa akikaribia kusema jambo nafunga kitabu. "Mjomba, muuaji nani?" Kesho. Usiku mmoja nikamkuta ndani ya chandarua, tochi mdomoni, mikono yote miwili imebana kitabu kwa sababu gundi imekwisha na kurasa zinachomoka. Nikarudi kulala nacheka peke yangu.

Kuli ya Adam Shafi akaimaliza mwenyewe. Ni habari ya Rashidi na makuli wa bandari ya Zanzibar, mpaka mgomo wa 1948. Jumamosi moja tukashuka bandarini Kigoma, vijana wanapakia saruji ya Burundi. Mpwa wangu akamsogelea mmoja: unalipwa kwa siku au kwa mfuko? Kwa mfuko. Na ukiumia? Yule kijana akacheka tu, akajitwisha mwingine. Hizo ndizo hadithi za marehemu!

Kwa hiyo wazazi wenzangu, wasomeeni watoto. Nasema tena, wasomeeni, kwa sauti. Na msiwaulize kitabu kinatufundisha nini. Dhamira na wahusika wanaulizwa shuleni mpaka wanachoka. Nyumbani mwacheni mtoto agombane na watu wa kitabuni. Wangu alimchukia Zakaria, baba yake Rosa, kama jirani aliyemwibia kuku. Ndiyo, nilimpa Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Ukiiogopa, isome wewe kwanza, halafu mpe. Ukiificha ataisoma kwa rafiki, na maswali yake atayapeleka huko huko.

Ila mzazi anayenilalamikia bei ya vitabu, na bando la wiki halijawahi kumshinda, huyo mimi sina ushauri wa kumpa.