Vita viko Goma, mzigo wangu uko Lubumbashi: nihofie nini?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu Kongo na biashara za Watanzania huko.

*"Nina malori mawili ya Lubumbashi. Kila M23, wale waasi wa mashariki ya Kongo, wakitajwa kwenye taarifa ya habari nakosa usingizi. Nisimamishe safari?" (Mbeya)*

Usisimamishe. Goma, iliyotekwa Januari 2025, iko zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini ya Lubumbashi. Malori yako yanapita Tunduma na Nakonde, yanakata Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani na Kongo; Kivu, eneo la vita lenye Goma, hayaigusi. Wewe hofia geti la mpakani. Agosti 2024 Kinshasa ilipiga marufuku bia na soda kutoka Zambia, Lusaka ikajibu kwa kufunga mpaka, Kasumbalesa ikiwemo. Ulifunguliwa baada ya siku chache, lakini mwenye lori anajua siku chache za foleni zinavyokula posho ya dereva. Februari 2025 Kongo ikasimamisha kuuza nje kobalti, madini ya kutengenezea betri, na Oktoba ikaleta mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Kama unategemea kobalti uwe mzigo wa kurudi nao Dar, uamuzi huo unakuhusu kuliko kuanguka kwa mji wowote wa Kivu.

Na tuseme ukweli: Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa nchini. Wakala wa forodha bila mtandao atatoaje mzigo? Kwa Mkongo mwenye kontena bandarini Dar, hatari siku hizo ilikuwa sisi.

*"Nimekata bima kubwa. Vita vikinikuta si nitalipwa?" (Dar es Salaam)*

Soma sehemu ya yasiyolipiwa kabla hujajibu "ndiyo". Bima ya kawaida ya mzigo haifidii vita. Hata kile kipengele cha vita kinachouzwa pembeni, kwa kawaida hulinda mzigo ukiwa melini, si barabarani. Migomo na ghasia zina kipengele chao, na huko barabarani ndicho chenye maana zaidi. Muulize wakala wako mambo hayo mawili, akujibu kwa maandishi.

*"Kwani kupeleka wanajeshi hakulindi maslahi yetu?" (Dodoma)*

Jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, liliingia mashariki ya Kongo Desemba 2023. Machi 2025 SADC ilifuta jukumu lake. Vijana wetu walifia huko, na Goma ilianguka. Naona uzito wetu ulionekana zaidi Februari 8, 2025, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na SADC zilipokutana pamoja Dar es Salaam. Anayeaminiwa na pande zote hulinda barabara zake kwa gharama ndogo.

*"Nauza unga na saruji ng'ambo ya ziwa, Uvira. Nifanyeje?" (Kigoma)*

Wewe ndugu yangu ndiye uliye karibu na moto. M23 waliingia Uvira Desemba 2025, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini makubaliano ya amani Washington. Kwa hiyo usipange boti kwa kufuata sherehe za kutia saini. Kuupitisha mzigo Bujumbura hakukutoi kwenye mgogoro, maana askari wa Burundi wanapigana upande wa Kinshasa. Jenga wateja Kalemie, kusini zaidi, hata kama faida ni ndogo. Uvira usiache kabisa, ila acha kukopesha: mzigo ushuke pesa ikiwa mkononi, na usipeleke boti ya pili kabla ya ya kwanza kurudi.