Soli zimelika au zimechakaa?

SWALI: Za kazi mhariri. Mwanangu yuko la sita, kwenye insha kaandika "soli za viatu vyangu zimelika", mwalimu akapiga mkasi akaandika juu yake "zimechakaa", anadai kulika ni kwa chakula tu, yaani kitu kinachofaa kuliwa. Sasa mbona fundi wangu wa gari kila siku ananiambia brekipedi zimelika? Na je kulika na kumomonyoka si kitu kimoja? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwalimu tunamheshimu ila huo mkasi aufute, mtoto yuko sawa kabisa na fundi wako pia yuko sawa. Lika linatokana na kitenzi la (kula), na hicho kiishio cha -ika kina kazi mbili. Ukisema mwandiko unasomika unamaanisha mtu anaweza kuusoma, ukisema kikombe kimevunjika unaeleza hali kilichofikia. Lika limebeba zote mbili: "uyoga huu hauliki" maana yake usiupeleke mezani, na "tairi limelika" maana yake mpira umepungua kwa kusuguana na lami mpaka limebaki kipara. Utajua ni ipi kwa kuangalia kinachozungumzwa, hakuna mtu atafikiri fundi amekula brekipedi zako.

Kuchakaa ni kwa kitu kizima kilichozeeka kwa matumizi, shati, kochi, nyumba. Kulika kunagusa pale panaposuguliwa tu. Geuza kiatu chako uangalie kisigino, wengi wetu kimelika upande wa nje huku juu ngozi bado inang'aa, hapo ukisema kiatu kimechakaa unakionea. Kisu kinachonolewa kila siku kwenye jiwe nacho kinalika, bapa linazidi kuwa jembamba lakini bado kinakata vizuri tu.

Kumomonyoka ni kwa kitu kinachodondoka vipandevipande, udongo, kingo za mto, ukuta wa tope. Kondoa kule Dodoma mmomonyoko ulichimba makorongo mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Tairi halimomonyoki jamani. Ila ufukwe unaweza kupata yote mawili, unamomonyoka au unalika, na Kunduchi kule Dar es Salaam utasikia watu wanasema bahari inakula pwani. Hapo ukimtaja mlaji tumia liwa: pwani inaliwa na bahari. Lika halitaki "na" ya mtendaji, kwahiyo "soli imelika na lami" siyo, sema imeliwa na lami au imelika kwa kutembea sana.

Kingine, kuna watu wanaandika "inakulika". Hapana. Hiyo ku tunaiweka kwenye anakula kwa sababu la ni silabi moja, lika lina silabi mbili halihitaji msaada, kwahiyo inalika, italika, imelika. Na rangi ya shati wala hailiki, hiyo inachujuka, au inapauka kama ni jua ndo limeipiga.