Aliyekosewa ndiye aliyeanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Mtu aliyemkosea Mungu afanye nini ili wapatane?" Nitalijibu, lakini kwanza nalipindua, maana limeanzia kwa mkosaji, na Mtume Paulo hakuanzia huko.

Sisi huku Pwani tumezoea mkosaji ndiye ainuke. Hutafuta wazee wa kumtangulia, akatozwa faini, akaomba radhi, na muda wote huo aliyekosewa amekaa kwake anangoja. Desturi hiyo hiyo tunaipeleka kwa Mungu: tunafunga, tunatoa, tunaahidi, tukitumaini atalainika. Na wako wahubiri wanaoujua vizuri udhaifu wetu huo. Hapa Mombasa nimesikia watu mkutanoni wakihimizwa watume sadaka kwa simu, papo hapo, ili Mungu awarudie. Hiyo mimi naiita faini, tena isiyo na risiti.

Soma Wakorintho wa Pili, sura ya 5, mstari wa 18 hadi 20. Humo Mungu mwenyewe ndiye mpatanishi, na sisi ndio tunaosihiwa tukubali. Warumi 5:10 yasema jambo hilo lilitendeka tulipokuwa tungali adui zake. Hatukuwa tumetubu, wala hatukuwa tumetuma mzee yeyote.

Mbona basi msalaba? Wengi tumelelewa tukidhani Baba alikuwa amekasirika, Yesu akaja kumtuliza, kana kwamba mbinguni kulikuwa na pande mbili. Lakini Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo. Gharama aliibeba yule yule aliyekosewa.

Na kama kifo cha Kristo kilikuwa fidia ya kutukomboa, alilipwa nani? Swali hilo limewasumbua Wakristo tangu kale. Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliona kuwa ilimwendea shetani. Malipo ya namna hiyo huku kwetu yanajulikana. Januari 1889 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa mabwana fedha ili watumwa zaidi ya 1,400, waliokuwa wamewatoroka na kukimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, wapewe hati za uhuru. Waliofanya watu mali yao ndio waliotiwa fedha mkononi! Ndiyo maana namwelewa Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliyekataa mwishoni mwa karne ya 11 kwamba shetani ana haki ya kudai chochote. Kwake yeye deni lilikuwa la heshima ambayo wanadamu wamemnyima Mungu. Waorthodoksi nao hutazama zaidi Kristo alivyoyashinda mauti. Mimi sijaona lazima ya kuchagua moja na kuyatupa mengine, ila hilo la shetani kulipwa silipokei.

Sasa, kama Mungu ameanza na hataki faini, je, jirani niliyemdhulumu naye nimwache hivyo hivyo? Hapa ndipo majibu mengi ya kanisani hulegea. Mtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika kwake kabla ya mtoza ushuru huyo kuahidi lolote, na watu wakanung'unika. Ni baada ya kupokewa ndipo aliposimama na kusema nusu ya mali yake awapa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemdai mbele ya wageni. Mathayo 5:23-24 ni kali zaidi: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende mkapatane kwanza. Wakatoliki wana kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi kwa padri, na hata huko mwizi aliyeondolewa dhambi bado anatakiwa kurudisha alichoiba.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayesimama Jumapili kushuhudia kwamba amesamehewa yote, huku wapangaji aliowafukuza wakidai bado pesa walizotanguliza walipoingia, asitafute mfungo mwingine wala asiongeze sadaka. Kwa Mungu alishaitwa. Wapangaji ndio bado hawajapigiwa, na namba zao anazo.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa