Tuulize: Taka hazijazolewa, nimlaumu nani?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya huduma za halmashauri, mengine yameandikwa kwa hasira kabisa na siwalaumu. Nimechagua machache. La kwanza nimelijibu kirefu maana ukishalielewa hilo, mengine hayakusumbui sana.

*Shikamoo. Mtaani kwetu gari la taka lilikuwa linapita kila wiki, sasa zaidi ya mwezi halijaonekana. Nimeenda halmashauri wakasema hiyo kazi ina mkandarasi. Nikamtafuta mkandarasi, anasema hajalipwa. Kurudi halmashauri naambiwa pesa kutoka serikali kuu haijashuka. Sasa niende wapi, au ndo hakuna mwenyewe?*

Marahaba. Mwenyewe yupo na ni halmashauri, usikubali kuzungushwa hapo. Iko hivi, kuna kuwajibika kwamba huduma ipatikane na kuna kuifanya kwa mikono, na hivyo vitu viwili sio lazima vikae sehemu moja. Halmashauri inaweza kuzoa taka kwa magari yake na watu wake, inaweza kutangaza tenda, inaweza kushirikiana na halmashauri jirani, inaweza hata kuwapa kikundi cha wakazi wenyewe, lakini jukumu ililopewa na sheria halihami na tenda. Na hii sio habari ya jana. Mji wa Lakewood kule California ulipopata mamlaka yake mwaka 1954 uliamua usianzishe polisi wake wala idara kibao, ukanunua huduma karibu zote kwa mkataba kutoka kaunti ya Los Angeles, miji mingine ikaona kumbe inawezekana nayo ikafanya hivyo hivyo. Ila anayepigiwa kura Lakewood ni baraza la Lakewood na ndo linaloulizwa, hata kama aliyevaa sare ni mwajiriwa wa kaunti.

Sasa kwanini gari halipiti? Mara nyingi jibu limelala kwenye mkataba, sehemu inayoeleza mkandarasi analipwa kwa kipimo gani. Akilipwa kwa tani anapenda mzigo mzito, kwahiyo atakimbilia masoko na sehemu zenye taka nyingi karibu na barabara, mitaa ya ndani atakuja akipata nafasi (na wengine wanabeba mpaka udongo na mawe, mizani haijui). Akilipwa kwa safari utaona magari yanaenda dampo yakiwa nusu. Akilipwa kwa eneo, yaani hela ni ile ile azoe asizoe, basi bila mtu wa kumkagua kila siku atapunguza mizunguko taratibu mpaka mzoee. Kama anakusanya ada mwenyewe kwa wakazi, mitaa isiyolipa vizuri anaihama kimya kimya. Hakuna kipimo kisicho na mwanya, kwahiyo halmashauri makini huwa inachanganya, inaweka ratiba ya kila mtaa, inaweka makato kwa kila mzunguko ulioruka, na inakuwa na wakaguzi wake wanaopita. Hapo kwenye wakaguzi ndo wengi wanafeli. Wakishatoa tenda wanaona kazi imeisha wanapunguza watu, baada ya miaka michache hakuna mtu ofisini anayejua gari moja linaweza kupiga safari ngapi kwa siku, na mkandarasi anajua kwamba hawajui.

Na kuhusu pesa haijashuka, inawezekana ni kweli. Bajeti iliyopitishwa ni mpango tu, hela yenyewe inakuja kwa mafungu na inaweza kuchelewa. Halafu ruzuku nyingi zinakuja na masharti, hii ya kujenga madarasa, hii ya dawa, hii ya barabara, kuihamisha ni kosa, ndo maana unaweza kuona jengo jipya linapanda pembeni ya rundo la taka na wala hakuna aliyeiba. Kingine watu wanasahau, kununua gari la taka ni rahisi kuliko kuliendesha. Gari linapatikana kwa hela ya maendeleo na linazinduliwa kwa shangwe, lakini mafuta, tairi, mishahara na matengenezo vinatoka kwenye matumizi ya kawaida ambayo hayana uzinduzi. Mimi binafsi nikisikia halmashauri imenunua magari mapya swali langu la kwanza ni fungu la mafuta liko wapi.

Kwahiyo ukirudi pale usiulize gari linakuja lini, watakwambia kesho. Uliza ratiba ya mtaa wenu kwenye mkataba inasemaje, mwezi uliopita mkandarasi alikatwa kiasi gani kwa kutokuja, na nani anasaini kwamba kazi imefanyika ndo alipwe. Andika barua, nakala kwa diwani. Kama kuna hati imesainiwa kwamba mtaa wenu ulizolewa na nyie mnajua haujazolewa, hapo shida imeshahama kwenye taka, hayo ni mambo ya mkaguzi wa hesabu.

*Si bora kila kitu wapewe watu binafsi tu? Serikali haijui biashara.*

Umeandika sentensi mbili lakini umegusa ugomvi wa zaidi ya miaka mia. Birmingham ya Uingereza miaka ya 1870, meya akiwa Joseph Chamberlain, mji ulinunua kampuni za gesi na ya maji zilizokuwa binafsi na faida ya gesi ikasaidia kuboresha mji. Karne moja baadaye sheria ya mwaka 1988 ya Uingereza hiyo hiyo ikalazimisha mabaraza yashindanishe kwa tenda uzoaji taka, usafi wa majengo na mengineyo, wafanyakazi wa baraza wakiruhusiwa nao kuomba, na bei ndo ikawa inaamua sana. Sheria ya 1999 ikauondoa ule ulazima, ikaleta kuangalia ubora pamoja na gharama. Kwahiyo wenyewe wamekwenda na kurudi.

Paris nao, kuanzia 1985 usambazaji wa maji waligawana kampuni mbili, moja upande huu wa mto Seine na nyingine upande wa pili. Mikataba ilipoisha mwishoni mwa 2009 jiji likarudisha maji mikononi mwake kuanzia 2010, na 2011 bei ikashushwa asilimia 8. Usije ukasema basi serikali ndo jibu, maana Birmingham ile ile Septemba 2023 ilitoa notisi ya kusitisha matumizi yote yasiyo ya lazima kisheria, sababu mojawapo ikiwa madai ya wafanyakazi wanawake ya kulipwa sawa na wanaume, nyingine mfumo wa kompyuta wa hesabu uliokula hela kuliko ilivyopangwa. Na mwaka 2025 wazoa taka wao, ambao ni waajiriwa wa baraza, waligoma na milima ya mifuko ikajaa mitaani.

Mi naangalia mambo mawili. Je huduma inapimika kirahisi? Taka zimezolewa au hazijazolewa, hiyo unaweza kuipa tenda. Malezi ya mtoto yatima au mzee mgonjwa, kupima ni kazi ngumu sana, mkataba utapimwa kwa karatasi. Na je kampuni ikishindwa, kuna mwingine wa kuchukua kesho yake? Mabomba ya maji yako seti moja tu ardhini, hapo ushindani unatokea siku ya tenda basi, baada ya hapo mmefungwa miaka ishirini.

*Naitwa kila mwaka mkutano wa bajeti, naenda, tunaongea, hakuna kinachobadilika. Niache?*

Inategemea mnaitwa kuongea juu ya nini. Porto Alegre ya Brazil walianza mwaka 1989 kuwaacha wakazi wapange vipaumbele vya sehemu ya bajeti ya uwekezaji, na kilichofanya watu wajae ni kwamba mwaka ukiisha waliona lami na mabomba pale walipochagua. Mkitaka kujua kama mkutano wenu ni wa kweli, ombeni kabla ya kuanza orodha ya mliyoomba mwaka jana na kila moja limefikia wapi. Kama hakuna anayeweza kuileta hiyo orodha, basi mnakusanywa kwa ajili ya picha na sahihi za mahudhurio.

Ila kuna njia nyingine isiyohitaji mkutano kabisa. Uganda katikati ya miaka ya 1990 watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi, wakakuta kati ya 1991 na 1995 kwa wastani shule zilifikiwa na asilimia 13 tu ya hela isiyo ya mishahara, nyingine iliishia kwenye ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kiasi kinachopelekwa kila wilaya, shule nazo zikabandika ukutani walichopokea. Miaka michache baadaye inayofika ikapita asilimia 80. Kuna wanaobisha, wanasema mageuzi mengine ya fedha yalichangia pia na sidhani wamekosea, lakini mzazi akijua ni kiasi gani kimetumwa ana swali la kuuliza, asipojua atauliza nini?

*Tunaambiwa halmashauri yetu ndogo itaunganishwa na nyingine ili ipunguze gharama. Ni kweli inapungua?*

Baadhi tu. Denmark mwaka 2007 waliunganisha manispaa 271 zikabaki 98. Kwenye mambo ya ofisi, mahesabu, ununuzi, ukubwa unasaidia. Kwenye huduma ya mtu kwa mtu hausaidii sana, maana watoto wakiongezeka walimu nao wanaongezeka, na mwananchi anakaa mbali zaidi na ofisi. Ufaransa wao wameziacha kama zilivyo halmashauri zao ndogo ndogo kama 35,000 ila zinaungana kwa kazi maalumu kama maji na taka. Ulizeni kama na nyie mnaweza kuanza na hilo.

*Kuna namba ya simu ya kuripoti kero. Nimeripoti taa ya barabarani mara kibao, kimya.*

Mji wa Baltimore kule Marekani walianzisha namba 311 mwaka 1996 ili watu waache kuwapigia polisi laini ya dharura kwa mambo yasiyo ya dharura, baadaye miji kama New York wakaigeuza kuwa ya kero zote. Inafanya kazi pale kila ripoti inapopata namba yake, siku ya mwisho ya kushughulikiwa, na jina la idara. Kama wewe unajibiwa tu "tumepokea" basi hicho ni kisanduku cha maoni kwenye simu. Dai namba ya ripoti, usiripoti upya kila mara maana wengine wanaihesabu ya zamani kuwa imefungwa. Na majirani nao waripoti taa hiyo hiyo, kwani ramani ya kero inaonyesha wenye kupiga simu, na mitaa iliyokata tamaa ikanyamaza inaonekana kule ofisini kama haina shida yoyote.