Miwani ya uhalisia pepe na kichefuchefu cha meli

Dada, umeuliza kama upange foleni ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kukuonyesha mahali pa kompyuta kana kwamba upo ndani yake, kwenye jumba la sanaa London, ilhali safari tu ya meli ya Mwanza hadi Ukerewe inakutapisha. Panga! Nilivaa pale Tate Modern, jumba la sanaa la London, mwanzoni mwa 2018, walipojenga upya ndani ya miwani studio ya mwisho ya mchoraji Modigliani, aliyefariki Paris mwaka 1920. Nimekaa kwenye kiti, nageuza shingo, na chumba kizima kipo: turubai, dirisha, mwanga wake. Nilitaka kushika meza, mkono ukapita hewani. Sijasahau mpaka leo.

Kichefuchefu kina sababu. Ukijifungia ndani ya meli, sikio la ndani linahisi mawimbi huku macho yanaona ukuta umetulia. Kwenye miwani ni kinyume: macho yanasafiri, mwili umekaa. Kwa hiyo chagua kazi ya kutazama ukiwa umeketi, zile za kupaa ziache kabisa. Kaza mkanda wa nyuma mpaka picha iwe safi, maana ukungu huleta kichwa kuuma. Jasho jembamba likianza tu, fumba macho, vua.

Na usiende na njaa.