Antivirusi ikikamata faili za Windows

*Asubuhi antivirusi ilijisasisha, kisha ikasema svchost.exe ni virusi kwenye kompyuta zote sita. Nifute? – Mwenye saiba, Githurai*

Usifute, na usiwashe upya hata moja. Onyo lilelile likitokea kila mashine mara tu baada ya sasisho, shuku sasisho kwanza. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la antivirusi ya McAfee, lililoitwa DAT 5958, liliichukulia svchost.exe ya Windows XP SP3 kuwa virusi. Kompyuta zilijizima na kujiwasha bila kukoma na mtandao ukapotea, kwa sababu svchost ndiyo inayoendesha huduma nyingi za Windows, za mtandao zikiwemo.

Soma onyo linataja folda gani. Svchost halali hukaa C:\Windows\System32 au SysWOW64. Iliyo Temp au Downloads iache karantini, yaani pale antivirusi inapozifungia faili inazozishuku. Iliyo mahali pake ipime VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi. Ikiwa ni antivirusi yako tu inayolalamika, irudishe kutoka karantini na usubiri sasisho la marekebisho.

*Kompyuta yangu haiwaki tena. Fundi wa Luthuli anataka kuiformati. – Umoja*

Mwambie angoje, tafadhali. Picha na kazi zako bado zimo kwenye diski. Tengeneza fleshi ya kusakinishia Windows, ya GB 8, kwenye kompyuta nyingine, washa nayo, chagua Repair your computer, Troubleshoot, kisha Command Prompt, dirisha la kuandikia amri. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski), ni tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kisha andika amri ya sfc, zana ya Windows inayokagua na kurekebisha faili zake:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Wengi hukwama hapa, maana ukiwasha kwa fleshi herufi za diski huweza kubadilika. Kabla ya amri hiyo, anza na dir C:\, halafu dir D:\, mpaka uone folda za Windows na Users pamoja, utumie herufi hiyo badala ya C. Ikishawaka, ingia Safe Mode (Windows ikiwa na vitu vya lazima tu) kwanza uondoe antivirusi hiyo, la sivyo itaikamata faili tena.

*Inawaka, lakini sfc inasema imeshindwa kurekebisha baadhi ya faili. – Kawangware*

Hifadhi ambamo sfc huchukua nakala safi imeharibika pia. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha rudia sfc /scannow. DISM, zana ya Windows ya kurekebisha hifadhi hiyo, huvuta faili kutoka Windows Update, kwa hiyo hakikisha una bando. Asilimia ikisimama muda mrefu, usiikatize.

*Niiruhusu System32 yote isikaguliwe? – Kayole*

Hapana. Ruhusu faili hiyo moja tu, na uiondoe ruhusa hiyo sasisho la marekebisho likifika.